Usiku Mmoja Bagamoyo kwa Wawili Wasio na Fedha Nyingi

Mimi na mke wangu tulikwenda Bagamoyo mara nne kabla ya kulala huko hata usiku mmoja. Kila mara tulifanya kama wanavyofanya wakazi wengi wa Dar es Salaam: tuliondoka nyumbani kwa kuchelewa, tukafika jua likiwa utosini, tukatembezwa kwenye magofu huku tukigombea kivuli, tukala samaki, na kabla ya magharibi tukawa tumekwama kwenye foleni ya magari Tegeta. Tulikuwa tukirudi na kusema kwamba mji ule ni mzuri ila unachosha. Kumbe kosa lilikuwa letu. Pwani ya Bagamoyo inatazama mashariki, kwa hiyo jua huchomoza baharini alfajiri, na mwezi mpevu nao huchomoza baharini magharibi inapoingia. Anayefika mchana na kuondoka jioni huvikosa vyote viwili, akabakiwa na zile saa za joto tu.

Kwa sababu hiyo, kabla hamjaulizia chumba, tazameni kalenda. Chagueni usiku wa tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu, mbalamwezi ikiwa kamili. Siku hizo ni za bamvua, bahari inapojaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa kiasi cha saa kumi jioni na kupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Kwa anayetaka kuoga baharini jambo hili si dogo, kwa kuwa ufuko wa Bagamoyo una mteremko mdogo mno. Maji yakipwa, bahari husogea mbali na kuacha tope na mchanga mbichi, na mgeni aliyekwisha kuvaa nguo za kuogelea hubaki akitazama mashua zilizolala ubavu. Sisi lilitupata. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alitutazama, akacheka, akatuambia turudi baada ya adhuhuri. Ikiwa mwezi mpevu umeangukia katikati ya juma, msisikitike, kwani siku hizo wageni ni wachache na wenye nyumba husikiliza mtu akiomba apunguziwe. Masika, yaani kati ya Machi na Mei, ningeyaepuka. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa ni nzuri zaidi.

Kuhusu malazi, safari yetu ya kwanza ya kulala ilitufunza kwa gharama. Tulichagua hoteli ya ufukweni iliyo nje ya mji, tukalipa zaidi ya shilingi laki mbili kwa chumba, na tulipofika tukatambua kwamba kila kitu kingine nacho kingelipiwa kwa bei ya humo humo, kuanzia maji ya kunywa hadi chai ya pili. Kila tulipotaka kwenda mjini ilibidi tuite bajaji, na baada ya mara mbili tukaona uvivu, tukabaki kando ya bwawa ambalo tungeweza kulipata popote. Tangu hapo tunalala nyumba ya wageni iliyo karibu na Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ambako kila tunachokitaka tunakifikia kwa miguu. Ombeni kukiona chumba kabla ya kulipa, washeni feni msikie inavyolia, kagueni chandarua kama hakina tundu, na ulizeni kama jirani kuna baa. Muziki wa baa hauna habari kwamba mmekuja kupumzika. Chumba cha nyuma karibu kila mara ni bora kuliko cha mbele.

Mapokezi mtapewa kitabu cha wageni mjaze jina, kabila, mnakotoka na mnakokwenda, kwa hiyo bebeni vitambulisho vyenu, ambavyo vitafaa pia kwenye maeneo ya historia kwa kuwa kiingilio cha raia ni cha chini kuliko cha mgeni. Mke wangu alipofika kwenye safu ya unakokwenda alisita, akaniuliza tunakokwenda ni wapi. Nikamwambia aandike hapa hapa. Dada wa mapokezi hakupendezwa hata kidogo.

Safari yetu ya mwisho ilitugharimu shilingi 138,000 kwa watu wawili: chumba 45,000, nauli ya basi dogo kwenda na kurudi 14,000, bajaji 15,000, viingilio pamoja na mwongozaji 24,000, na chakula 40,000. Ingewezekana kupunguza zaidi, lakini mwongozaji nisingemwondoa, hasa Kaole.

Magofu ya Kaole yako kiasi cha kilomita tano kusini mwa mji. Msikiti wa zamani zaidi pale unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na kuuzunguka kuna makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, baadhi yakiwa na nguzo ndefu ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Ukiinama karibu na jiwe utaona vijishimo vya matumbawe vilivyopangika kama sega la nyuki, na utakumbuka kwamba ukuta huo ulitoka baharini. Lipo kaburi moja ambalo waongozaji husimulia kuwa ni la mume na mke waliokufa maji pamoja. Sina njia ya kulithibitisha simulizi hilo, lakini tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na hakuna aliyesema neno. Nendeni kiasi cha saa nane mchana, mrudi ufukweni maji yakiwa yanajaa. Nendeni kwa bajaji na mkubaliane na dereva awasubiri. Kutembea kwa miguu ufukweni kutoka mjini hadi Kaole nisingemshauri mtu, kwa sababu njia ni pweke na wawili waliobeba simu na kamera huonekana kwa mbali.

Jioni ni ya Mji Mkongwe na ya bahari. Piteni Mtaa wa India polepole, mtazame milango ya nakshi, kisha mfike Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897, miaka michache tu baada ya makao makuu ya koloni lao kuhamishwa kutoka hapa kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Mji huu uliona misafara ya watumwa na pembe za ndovu, na mahali Wajerumani walipowanyongea waliowapinga pana mnara wa kumbukumbu. Niliwahi kuwaona wachumba wakipiga picha za kukumbatiana pale, nikatamani mtu angewaeleza wamesimama wapi. Mji wenyewe una watu wa dini na heshima zao, hivyo kanga au shati la mikono halimzuii mtu kufurahi. Mwezi utakapochomoza, muwe tayari mmekaa mchangani karibu na mahali penye watu.

Alfajiri ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayohitaji nidhamu ya kuamka. Kwenye soko la samaki mashua huingia moja moja, samaki humwagwa chini kwa mafungu, na mnadi hutaja bei kwa kasi ambayo mgeni haiwezi. Msishindane na wachuuzi. Nunueni fungu dogo la changu baada ya mnada kupoa, mpelekeeni mmoja wa kina mama wenye makarai pembeni, naye atawakaangia kwa malipo madogo. Sisi tulikula tukiwa tumesimama, chumvi na ndimu zikitiririka hadi viwikoni.

Baadaye nendeni Misheni ya Kikatoliki, ambako Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuwajengea kijiji watumwa waliokombolewa. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, ulilazwa kwenye mnara wa kanisa la kwanza kabla ya kuvushwa Zanzibar, ukiwa umebebwa kutoka Zambia ya leo na watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao. Nje upo mbuyu uliofungwa mnyororo zamani, ukaendelea kunenepa mpaka ukaumeza, na sasa kimebaki kipande kidogo tu kinachochungulia. Saa moja na nusu zinatosha. Msilazimishe kuona kila jengo lililotajwa kwenye ramani.

Kabla ya kupanda basi la kwenda, sisi huwa tunakubaliana jambo moja: ada za shule, kodi ya nyumba na habari za ndugu hazizungumzwi mpaka tutakapopita Mapinga wakati wa kurudi. Mara ya mwisho mke wangu alilala begani mwangu tangu kituoni Bagamoyo. Kondakta aliposema kwa sauti, “Mapinga, wa kushuka!” alifumbua jicho moja, akasema, “Haya, ada,” kisha akaendelea kulala.