Border Collie wa ukoo wa kazi hatulizwi na mbio peke yake

Unauliza kama mbio za kila siku zitatosha kumtuliza mtoto wa Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, ambaye wazazi wake wanafanya kazi hiyo. Hapana, kumkimbiza kwa saa mbili kila siku hakutamtuliza. Utapata mbwa mwenye pumzi zaidi, basi. Ukoo huo umechaguliwa vizazi na vizazi kwa kazi ya kichwa: kukazia macho, kunyatia, kuzunguka kundi na kulirudisha kwa mchungaji. Hata ISDS, chama cha mbwa wa kondoo cha Uingereza kilichoanza 1906, kinashindanisha kazi, si sura.

Wangu, kwa kukosa kondoo, alichunga baiskeli. Analala chini kidevu kikigusa ardhi, kimya kabisa, halafu anachomoka kulielekea gurudumu la mbele. Na visigino vya watoto wakikimbia, usiseme.

Kilichosaidia ni mafunzo mafupi ya dakika kumi, mara kadhaa kwa siku, kumfichia vitu avitafute kwa pua, na kumfundisha tangu mdogo kulala mkekani bila kufanya lolote. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Ila kama umeshaamua kuchukua mbwa wa ukoo huo, tafuta mkubwa aliyeachishwa kazi kwa sababu kondoo hawamvutii. Huyo mara nyingi hukaa vizuri nyumbani. Uliza kwanza kama ni kutovutiwa kweli au ni woga, maana mwoga ana shughuli yake. Ukichukua mtoto wa mbwa, dai majibu ya vipimo vya macho na nyonga za wazazi kabla hujalipa.