Ukirudi ulikokulia, mfuate aliyebaki

Novemba iliyopita niliwapeleka wanangu wawili Jinja, Uganda, kwa mama yangu. Shule za Kenya zilikuwa zimefungwa, vuli imeshika, na safari ya basi kutoka Mombasa hadi mpaka wa Busia ilitukalisha mpaka miguu ikavimba. Njia nzima nilikuwa nawasimulia: mtaona maporomoko ya Bujagali kwenye Mto Nile, mtaona tulikokuwa tukiogelea, mtaona mipera ya nyuma ya kota. Nilikulia Walukuba, ile mitaa ya nyumba za wafanyakazi ambako jirani mmoja ni Msoga, wa pili Mwacholi, wa tatu Mluhya, na watoto wote wanagombana kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nawaeleza nyinyi mnaojiandaa kwenda nyumbani Desemba, msije mkapoteza nauli ya boda kama mimi.

Nilianza na pale pakubwa. Asubuhi na mapema nikaita boda mbili, tukashika njia ya Bujagali. Nilipokuwa msichana tulikwenda huko kwa baiskeli, na ngurumo ya maji ilikupokea kabla hujayaona. Kulikuwa na vijana waliojitosa kwenye maporomoko wamekumbatia jerikeni ya njano iliyozibwa vizuri, watalii wakiwalipa ili watazame. Sisi tulitazama bure, mioyo mkononi. Nilijua kwamba bwawa limejengwa chini ya pale, kwamba maji yalipanda mwaka 2011 na mwaka uliofuata mitambo ya megawati 250 ikazinduliwa. Nilijua kwa kusikia tu. Tulipofika nikakuta maji mapana, yametulia kama chai iliyopoa.

"Mama, yako wapi?" mdogo akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole, chini kule. Kisha nikaanza hotuba. Mkubwa akawa anarusha vijiwe, mdogo anahesabu ndege, na wale wa boda wanatazama saa.

Jioni nikaendelea kulalamika mezani: hiki kimekwenda, kile kimekufa. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kuhama Walukuba, akaweka tonge chini. "Dada, kila ukija unatuwekea matanga. Sisi tunaishi hapa."

Nilitaka kumjibu, ila Mama alishaanza kucheka. "Umemrithi baba yako na Ripon yake."

Hapo nikanyamaza kabisa. Baba alikuja Jinja akiwa kijana, akapata kibarua cha zege kwenye bwawa la Owen Falls, lile alilokuja kulifungua Malkia Elizabeth mwaka 1954 na ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale. Bwawa hilo ndilo lililoyazamisha maporomoko ya Ripon. Kwa hiyo mzee alisaidia kuyafunika kwa mikono yake, halafu maisha yake yote akawa anatusimulia samaki walivyokuwa wakiruka pale. Kila akianza, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunakanyagana miguu chini ya meza tusicheke.

Basi kesho yake nilimwachia mdogo wangu usukani, na hilo ndilo ninalowashauri. Mtafute ndugu aliyebaki, mwambie akupeleke anakokwenda yeye, nawe ufuate nyuma kama mgeni. Tulitoka saa moja asubuhi, kabla mvua haijajipanga. Wala hakusema "hapa palikuwa" hata mara moja. Alituteremsha hadi Masese, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ambako dagaa, mukene kwa jina la huko, walikuwa wameanikwa wanameta, korongo wamesimama kando kama wadai. Akawaonyesha wanangu alama ya maji kwenye ukuta wa kibanda, juu ya kiuno changu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko hata ile rekodi ya 1964, na yeye alishinda siku nzima akibeba magodoro ya watu kichwani. Mimi mwaka huo naukumbuka kwa barakoa tu. Watoto walimwuliza mjomba wao maswali mpaka sauti ikamkauka, wale wale walionihesabia ndege jana yake.

Sasa mambo mawili ya usalama, niyapitie haraka. Watoto wasiingie ziwani, hata kama wewe uliingia. Kichocho hakihitaji unywe maji. Vijidudu vinavyotoka kwenye konokono vinapenya ngozi mtoto akisimama tu majini. Wangu walikuwa wameshachovya miguu kabla sijageuka, nikaenda kumwona daktari. Akaniambia dawa, prazikwanteli, haiwaui minyoo wakiwa wachanga, hivyo turudi baada ya wiki sita hadi nane. Na mimi nilitaka wameze siku ile ile! La pili, ukivuka bwawa usitoe simu kupiga picha. Kuna askari, na hawana utani.

Mipera haipo. Pana banda la nguruwe na ua wa mabati, na mama mmoja mtu mzima anafua mlangoni. Zamani ningesimama nje nikinung'unika. Safari hii tulipiga hodi, tukamsalimu, nikampa kipande cha sabuni na sukari nilizobeba (beba, jamani, usiende mikono mitupu kwenye ua wa mtu eti kwa sababu uliwahi kupanda mti pale). Akatukatia fenesi. Utomvu ulimganda mkubwa wangu vidoleni, na yule mama akampaka mafuta ya kupikia, akamsugua polepole, kidole kimoja kimoja, huku akimwuliza Mombasa watu wanakula nini.

Na kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Novemba kwa ajili ya senene, wale panzi wa kuliwa. Usiku wa mwisho jirani alitega: mabati yamesimamishwa ndani ya mapipa, taa kali juu, senene wanaivamia taa, wanagonga bati na kuteleza ndani. Saa nne hivi umeme ukakatika, katika mji uliozungukwa na mabwawa ya umeme, na watu wote wakaguna kwa pamoja. Watoto wakawasha tochi za simu. Binamu zao wakawafundisha kunyofoa mbawa na miguu, vichwani wamejaa mbawa za kijani.

Mwanangu mdogo akanijia na ngumi imejaa. "Mama, na nyinyi mlikuwa mnafanya hivi?"

"Ndiyo," nikasema, "na enzi zile..."

Alikuwa ameshakimbilia pipa la pili.