Kisigino kinachouma asubuhi: nilivyopimwa mwendo hapa Dodoma

Kaka, pole sana. Nimesoma swali lako mara mbili. Unalinda pale Mtumba, unasimama kwa muda wa saa kumi na mbili, kisigino kinakuchoma kila ukishuka kitandani, picha imeonyesha mfupa umeota, umeshabadilisha viatu jozi tatu, na sasa unauliza kama kwenda kupimwa namna unavyotembea ni kupoteza hela. Nimepita njia hiyohiyo. Si kupoteza hela, ila kuna namna ya kwenda na kuna watu wa kuwakwepa, ndiyo maana nitaandika kwa urefu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kutwa nzima niko wima kwenye sakafu ya saruji, na Jumamosi alfajiri nakimbia na wenzangu barabara ya Iringa. Kisigino cha kulia kilianza mwaka juzi. Hatua ya kwanza asubuhi ilikuwa kama kukanyaga msumari. Nikishafika bafuni na kurudi yanapoa, jioni yanaanza upya. Kituo cha kwanza nilichokwenda walinipiga eksirei, wakaniambia mfupa umeota, nikapewa vidonge, na baadaye nikachomwa sindano ya kisiginoni. Nafuu ilidumu wiki chache tu. Katika safari zote zile hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Mwalimu, vua viatu, tembea nikuone." Hilo linaniuma kuliko hela niliyotoa.

Kuhusu huo mfupa, usikukoseshe usingizi. Watu wengi wanao na hawasikii maumivu yoyote, na wengine wanaumia bila kuwa nao. Picha inaonyesha mfupa ukiwa umetulia. Haionyeshi kinachotokea ukiwa unatembea.

Wataalamu wa podiatria, yaani waliosomea nyayo na miguu peke yake, ni wachache mno hapa nchini. Mimi nilibahatika kwa sababu mmoja alikuja na timu ya wageni kwenye kliniki fulani hapa mjini, akifanya kazi bega kwa bega na kijana wetu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Huyo kijana ndiye aliyeendelea nami baadaye, na nakuhakikishia karibu kila kipimo nitakachokueleza na yeye alikuwa anakijua.

Tulianza kwa maongezi, tena marefu. Maumivu yanaanza saa ngapi, nasimama muda gani, sukari nimepima lini. Kisha yule mtaalamu wa nyayo akauliza: "Umewahi kuteguka?" Nikasema hapana. Akauliza tena, akigusa kifundo cha kulia kwa kidole gumba. Hapo ndipo nikakumbuka: miaka mingi nyuma niliteleza kwenye mawe ya korongo nikiwa na ndoo kichwani, kifundo kikavimba kama embe, bibi mmoja jirani akanichua kwa maji ya moto na chumvi. Uvimbe ulipoisha nikajua nimepona. Sikuwahi kulihesabu kama tatizo.

Halafu akaomba viatu vyangu vya zamani. Nilikuwa nimeambiwa kwa simu nibebe viatu vyote ninavyovaa, na almanusura niziloweke zile raba zangu maana niliona aibu na vumbi lake. Usioshe, kaka. Alizipanga mezani, visigino vikimwangalia. Kwa kawaida soli hulika kidogo upande wa nje wa kisigino, kwa kuwa ndipo tunapotua. Ya kushoto ilikuwa hivyo. Ya kulia ilikuwa imelika nje, halafu imelika tena katikati kwa ndani, chini ya dole gumba, mpaka kitambaa kinaonekana. Na ukiitazama kwa nyuma, raba yenyewe imelala kwa ndani kama nyumba iliyotitia upande mmoja. Nimeivaa mwaka mzima bila kuona.

Kabla ya kunitembeza alinilaza. Alipima urefu wa miguu kwa futi ya cherehani, kutoka mfupa wa mbele wa nyonga hadi mfupa wa ndani wa kifundo. Nilikuwa nimeshaambiwa na mtu kwamba mguu wangu mmoja ni mfupi. Tofauti ilikuwa milimita chache tu, akasema tuachane nayo. Akatafuta mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Akanigusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda ukifikia uzito wa gramu 10, huku nimefumba macho, niseme nikisikia. Kipimo hicho ni cha kuona kama hisia za miguu zipo. Naomba nisisitize: kama una sukari, au unyayo una ganzi, au una kidonda kisichopona, hilo si suala la mazoezi wala la kusubiri ushauri wa mtandaoni, nenda hospitali. Na wenye sukari wote wapimwe nyayo angalau mara moja kwa mwaka hata kama hawaumwi.

Sasa kipimo kilichonifumbua macho. Unasimama kuelekea ukuta, unakunja goti mpaka liguse ukuta huku kisigino kikibaki chini, kisha unarudisha mguu nyuma kidogo kidogo hadi pale goti linapofika kwa shida. Mguu wa kushoto, kutoka dole gumba hadi ukutani ilikuwa sentimita 11. Wa kulia, sentimita 4. Nilijilazimisha, kisigino kikanyanyuka chenyewe. Unaweza kujipima hapo hapo nyumbani usiku huu, na tofauti kati ya mguu na mguu ina maana kuliko namba yenyewe.

Kisha nikasimama kwa mguu mmoja na kunyanyuka kwa vidole. Kushoto mara 22. Kulia nilifika 9, kigimbi kikawa kinatetemeka.

Kutembea kwenyewe kulikuwa kwenye korido, kama mita kumi, peku kwanza halafu na viatu. Mara za kwanza nilitembea kama niko kwenye gwaride, kifua mbele. Mtu akijua anaangaliwa hatembei, anaigiza. Yule mtaalamu hakusema kitu, akaniambia tu nikachukue faili pale mapokezi, huku kijana wa fiziotherapia amechuchumaa na simu akirekodi kwa nyuma. Nilipochukua faili na kurudi ndipo walipopata mwendo wangu wa kweli.

Wakanionyesha video ikiwa imepunguzwa kasi. Katika mwendo wa kawaida, mguu mmoja hukaa chini kwa takriban asilimia 60 ya mzunguko wa hatua na asilimia 40 unakuwa hewani. Katika kile kipindi cha kukaa chini, goti linatakiwa lipite mbele ya unyayo kisigino kikiwa bado kimekanyaga. Kisigino changu cha kushoto kilingoja. Cha kulia kilinyanyuka mapema, mguu wa pili haujafika hata usawa wake, na kabla ya kunyanyuka unyayo ulipinda kwa nje na tumbo la unyayo likaanguka kwa ndani. Kifundo kilikuwa hakikunji, na mwili haukubali kusimama njiani, unatafuta uchochoro. Uchochoro wangu ulikuwa katikati ya unyayo. Kila hatua nilikuwa naunyoosha ule ukanda mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni. Alinyanyua dole gumba langu kwa mkono nikiwa nimesimama, nikaona upinde wa unyayo unapanda wenyewe. Akasema ukanda ule ndio kamba ya huo upinde; ukiuvuta maelfu ya mara kwa siku, unaumia pale ulipofungwa.

Nililia kidogo, sitaficha. Zaidi ya mwaka mmoja wa maumivu, na jibu lilikuwa kwenye kifundo nilichokisahau.

Tiba haikuwa ya ajabu. Kwanza alinibandika plasta chini ya unyayo kwa siku nne, kupima kama kuushikilia upinde kunasaidia kabla ya kunitengenezea chochote. Ilisaidia, ndipo nikapewa soli ya ndani ya sponji gumu yenye mwinuko mdogo kisiginoni, ya muda tu, si ya maisha. Mazoezi ndiyo yalikuwa kazi: kunyoosha kigimbi goti likiwa limenyooka, halafu goti likiwa limekunjwa, maana ni misuli miwili tofauti. Na kila baada ya siku moja, kusimama kwenye ngazi na taulo lililokunjwa chini ya vidole, napanda kwa sekunde tatu, nangoja mbili, nashuka kwa tatu. Taulo linakaza ule ukanda ili nao upate nguvu. Mwanzoni yanauma. Nikaacha pia kukanyaga saruji peku asubuhi. Kandambili ziko chini ya kitanda, mguu unazifikia kabla ya sakafu. Na nilikuwa nakimbia upande uleule wa barabara kila siku, ambako lami inainamia mtaroni na mguu mmoja daima uko chini zaidi ya mwingine. Nikabadili.

Nafuu ya kueleweka niliipata mwezi wa tatu. Kusahau kabisa kama nina kisigino, mwezi wa saba. Nakwambia mapema usije ukakata tamaa wiki ya pili.

Watu wa kuwakwepa: mwenye mashine ya rangi kwenye maonyesho, unasimama juu yake dakika moja, skrini inawaka nyekundu na bluu, na papo hapo ana soli ya kukuuzia. Nilinunua. Kusimama si kutembea, na unyayo una mifupa 26 inayosogea. Asiyekuona ukitembea hajui anakuuzia nini. Vilevile mtu akikuambia unyayo bapa, yaani usio na upinde, ni ugonjwa wakati haukuumi, mwache. Na dada mwingine aliyeuliza kuhusu mtoto wa miaka mitatu mwenye nyayo bapa, kwa umri huo ni kawaida. Kama hachechemei wala halalamiki, mwache acheze.

Wewe, kwa kuwa uko hapa hapa, anzia idara ya fiziotherapia, iwe hospitali ya Benjamin Mkapa au pale General, hospitali ya rufaa ya mkoa. Usiseme tu kisigino kinauma. Sema unaomba waangalie unavyotembea na wapime kifundo kinakunja kiasi gani. Ikibidi soli ya kutengenezwa, ulizia fundi wa vifaa saidizi aliyesomea. Kile chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu mwaka 1981. Vaa kaptula ili magoti yaonekane, na asubuhi hiyo usimeze dawa ya maumivu, itaficha wanachotafuta. Nenda siku ukitoka zamu ukiwa umechoka, maana mguu uliochoka hauigizi.

Na zile jozi tatu ulizoziacha, zitoe uvunguni uzitie kwenye mfuko na vumbi lake lote.