Maswali ya wasomaji: Mtoto njiti amefika nyumbani, na nyumba imejaa watu

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mwanga hapa Kigoma. Mtoto wangu wa tatu alizaliwa ujauzito ukiwa na wiki 31, akiwa na kilo 1.4, tukakaa wodi ya watoto njiti hadi alipofikisha kilo 1.8 ndipo tukaruhusiwa. Wodini nilifundishwa kumbeba kifuani kwa njia ya kangaruu. Mama mkwe amekuja kutoka Kasulu kunisaidia, nami namshukuru, lakini anataka mtoto aogeshwe maji ya moto asubuhi na jioni, alale karibu na jiko la mkaa, na anasema kumfunga kifuani kutwa nzima ni kumzoesha mikono huku kazi za nyumbani zimelala. Mtoto wa pili, mwenye miaka mitatu, analia kila anaponiona nimembeba mdogo wake, na yule wa darasa la kwanza ameniuliza kama huyu mtoto atakufa. Majirani nao wanataka kuja kumwona. Nifanye nini bila kumvunjia heshima mama mkwe?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kujifungua. Nianze na jiko, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri hadi mwisho wa jibu. Mkaa unaowaka ndani ya chumba hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo huua watu wazima waliolala, sembuse mtoto wa kilo moja na nusu na ushee. Jiko litolewe nje leo hii, na lisirudi chumbani hata usiku wa mvua. Na kama kuna chupa za maji ya moto alizozungushiwa mtoto, nazo ziachwe, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba mno na huungua kabla mkono wa mtu mzima haujahisi kuwa chupa ina moto wa kudhuru.

Hata hivyo, mama mkwe wako hakukosea katika jambo la msingi: ameona kwamba mtoto huyu anahitaji joto, na hilo ni kweli tupu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 hajapata muda wa kutosha wa kuweka mafuta chini ya ngozi, na joto humpotea haraka kuliko anavyoweza kulizalisha. Akipoa, nguvu ambayo ingemwongezea uzito hutumika kupambana na baridi, na baada ya muda huacha hata kunyonya. Mnachotofautiana ni chanzo cha joto tu, na kifua cha binadamu kinafaa kuliko jiko, kwa sababu hakimzidishii joto, hakitoi moshi, na hakizimiki usiku wa manane watu wakiwa wamelala.

Njia hiyo ilianza mwaka 1978 mjini Bogotá, nchini Kolombia, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Wapo wanaoidhani kuwa ni tiba ya maskini, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kuwa watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache zaidi kuliko waliosubiri kwanza hadi hali zao zitulie. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto njiti wabebwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Kwa hiyo, ukimbeba kutwa nzima humdekezi. Unafanya kazi ambayo wodini ingefanywa na mashine, na kazi nyingine zote za nyumba hiyo ziko chini yake.

Jinsi ya kumbeba unaijua, ila naieleza kwa ajili ya wengine walio nyumbani kwako. Mtoto awe na kofia, soksi na nepi tu, asimamishwe wima katikati ya matiti, kifua chake kikigusa kifua chako bila nguo katikati, miguu imekunjwa kama ya chura, na kichwa kimegeuzwa upande mmoja huku shingo ikiwa imenyooka kidogo ili njia ya hewa isibanwe. Kitenge kifungwe kwa nguvu kiasi kwamba ukisimama hatelezi, ukingo wake wa juu ukiishia chini ya sikio lake, na tumboni kiachiwe nafasi ya kupumua. Usiku lala ukiwa umeegemea mito, ndani ya chandarua, maana mkoa wetu una malaria nyingi. Utaendelea hivyo hadi afikishe kama kilo 2.5, au hadi aanze mwenyewe kujinyonganyonga na kukataa kufungwa.

Sasa nije kwa mama mkwe. Ushauri wangu ni huu: mpe mtoto ambebe yeye. Kifua si lazima kiwe cha mama mzazi. Baba anaweza, na bibi mwenye afya, asiyekohoa wala kuvuta tumbaku, aliyeoga na kuvaa nguo safi, anaweza pia. Mwambie, kwa heshima ile ile unayomwamkia nayo asubuhi, kwamba wauguzi wamesema mtoto asikose kifua hata saa moja, nawe huwezi peke yako, unaomba akushike mkono. Bibi aliyekaa na mjukuu kifuani saa mbili, akamsikia anavyopumua na kuona miguu inavyopata joto, huwa hahitaji kusomewa kitabu. Nimewaona wakawa wakali kuliko wauguzi. Kuhusu kuogesha, baba watoto ndiye aseme na mama yake: mtoto afutwe kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu, sehemu moja baada ya nyingine, kisha akaushwe na kurudishwa kifuani mara moja, na bafu lenyewe lisubiri uzito uongezeke. Neno hilo likitoka kwako litaonekana ni la mkwe mkaidi, likitoka kwa mwanawe litasikilizwa.

Upande wa chakula, maziwa yako yanatosha, bila maji, bila uji na bila dawa za kienyeji, kwa miezi sita. Mtoto wa umri wake huchoka akinyonya, hivyo asiachwe alale muda mrefu. Mwamshe kila baada ya saa mbili au tatu, na akichoka titi, mkamulie na umpe kwa kikombe kidogo kisafi. Mweke nusu wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wake wa chini, maziwa yafike midomoni tu, naye atayalamba kwa ulimi kwa mwendo wake. Ukiyamimina yanaweza kuingia kwenye mapafu. Wewe mwenyewe ule ushibe, na dagaa na mawese ya kwetu si chakula cha kudharau. Matone ya madini chuma uliyoandikiwa yasikatishwe kwa sababu tu mtoto anaonekana mzima.

Huyo wa darasa la kwanza asidanganywe. Mwambie kwamba mdogo wake alizaliwa mapema, bado ni mdogo sana, na nyinyi nyote mnamtunza ili akue. Kisha mpe kazi ya kweli: daftari na penseli, achore mstari mmoja kila mara mtoto anapolishwa. Mistari ikipungua nane kwa siku, hata wewe utajua kuna jambo. Wa miaka mitatu anataka kitu kimoja tu, nacho ni wewe. Bibi au baba anapokuwa na mtoto kifuani, muda huo ni wake, umpakate, umlishe, na kazi za nyumbani ziendelee kulala.

Wageni wasije kwanza, na hapo desturi ya arobaini inakusaidia pasipo kumwudhi mtu. Atakayefika asalimie nje, na kama ana nia njema hasa, afue nepi au ateke maji.

Mrudishe kliniki siku zote ulizopangiwa, na uulize juu ya kupimwa macho, kwa kuwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32 wanaweza kupata tatizo la retina lisiloonekana kwa nje. Usisubiri tarehe ya kliniki endapo atakataa kunyonya, atalegea, atashtuka kwa degedege, kifua kitabonyea anapopumua, atapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, viganja na nyayo vitakuwa vya manjano, au joto lake litafika 37.5 au kushuka chini ya 35.5. Akiwa hivyo aende hospitali usiku huo huo, akiwa kifuani njia nzima. Na majirani watakapoanza kumlinganisha na watoto wao, kumbuka kwamba alitangulia kwa wiki tisa: akitimiza miezi sita, umtazamie afanye yale ya mtoto wa miezi minne. Chanjo peke yake ndizo zinazofuata tarehe aliyozaliwa.

SWALI: Mama Mkunga, mimi nipo Tabora, nimeajiriwa katika kampuni binafsi, na mke wangu naye ameajiriwa. Amejifungua mtoto njiti na bado wamelazwa. Msimamizi wangu amenipa siku tatu tu. Je, hakuna zaidi?

JIBU: Zipo. Mabadiliko ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanampa baba wa mtoto njiti siku saba badala ya tatu, na likizo ya uzazi ya mama nayo huongezwa kwa sababu mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Inawezekana msimamizi wako hajui, kwa hiyo nenda ofisi ya rasilimali watu kwa upole, ukiwa na barua ya daktari inayotaja wiki za ujauzito na tarehe ya kuzaliwa. Likizo yako iombe wakati mkeo bado yuko wodini. Na siku hizo saba zitumie ukiwa umevua shati, mtoto akiwa kifuani kwako, ili mwenzako apate kulala.