Bwawa Halisubiri Mwaka wa Fedha

Kwa miaka mingi nimefanya kazi katika idara ya ujenzi ya halmashauri, na kila msimu wa bajeti nimeshuhudia mjadala uleule: fedha za matengenezo ni chache, majengo yanayohitaji ukarabati ni mengi, na bwawa, ambalo halina paa linaloonekana kuvuja wala mlango uliong'oka, huwekwa mwishoni mwa orodha. Ushauri wangu kwa madiwani, wahandisi na maofisa mipango ni kwamba orodha hiyo ipangwe kwa kufuata msimu wa mvua na mahali maji yanapoanza kupenya, si kwa kufuata sauti ya aliyezungumza zaidi kikaoni.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Asubuhi moja mlinzi wa bwawa letu la udongo alinipigia simu akasema, "Injinia, yale maji ya chini ya tuta yamebadilika rangi." Maji yenyewe tulikuwa tunayajua, kwa kuwa kila bwawa la udongo hupitisha maji kidogo, na yakiwa maangavu na kiasi chake hakiongezeki, hayatishi. Nilipofika nilikinga maji hayo katika chupa ya plastiki, nikaisimamisha juu ya jiwe, na baada ya dakika chache utando wa udongo laini kama unga ulikuwa umetua chini ya chupa. Tuta lilikuwa linaliwa kutoka ndani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeandika katika ripoti yangu kwamba miti iliyokatwa juu ya tuta imeacha mizizi, na kwamba mizizi ikioza huacha matundu ambayo maji huyafuata. Fungu la kuiondoa mizizi hiyo liliombwa, likapitishwa, kisha likahamishiwa kwenye kupaka rangi jengo la utawala.

Tuliliokoa bwawa lile kwa kupunguza maji taratibu, kwa sababu kuyashusha kwa pupa kungeweza kuporomosha upande wa ndani wa tuta ukiwa bado umelowa, na kwa kutandaza mchanga, kisha kokoto, kisha mawe juu ya sehemu iliyokuwa inatoa maji. Wengi waliokuja kusaidia walitaka tuzibe kwa saruji. Maji yakizibwa hapa hutafuta njia pengine, lakini tabaka za mchanga na kokoto huyaacha yapite huku zikiuzuia udongo usiondoke nayo. Kazi hiyo ya dharura ilitugharimu mara kadhaa ya fungu lile lililohamishwa.

Anayedhani kwamba hatari ya namna hii hutoa muda wa kuitisha kikao akumbuke bwawa la Teton, katika jimbo la Idaho nchini Marekani. Tarehe 5 Juni 1976 maji yenye matope yalionekana yakitoka asubuhi, na kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limebomoka; watu 11 walipoteza maisha. Lile lilikuwa bwawa jipya lililokuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Mabwawa mawili yaliyokuwa juu ya mji wa Derna, Libya, yalijengwa miaka ya 1970, na fedha za kuyatengeneza zilitengwa mwaka 2012 na 2013, lakini matengenezo hayakufanyika. Dhoruba ya Septemba 2023 iliyabomoa yote mawili usiku mmoja na maelfu ya watu wakafa. Kwa hiyo diwani asiridhike kuona fungu limeandikwa kwenye kitabu cha bajeti. Adai taarifa ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Mpango wenyewe uanze kuhesabiwa kinyumenyume. Chukua mwezi ambao mvua huanza, toa muda wa kushindilia udongo na wa zege kukomaa, toa muda wa zabuni na wa kumpata mkandarasi, toa na muda wa ukaguzi, na hapo ndipo utaona tarehe ambayo fedha inapaswa kuwa mkononi. Ikiwa tarehe hiyo haiafikiani na mwaka wa fedha, gawanya kazi: usanifu na zabuni zifanyike mwaka huu, ujenzi uanze mara tu fedha ya mwaka ujao inapoingia. Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, usafishwe kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa tuta la udongo likifurikwa kwa juu huchimbika kwa kasi isiyozuilika.

Majengo nayo adui yake mkubwa ni maji. Nimewahi kupanda darini katika jengo lililoombewa paa jipya, nikakuta mabati mazima na kenchi mbili zilizooza, zote mbili chini ya mfereji mmoja wa paa uliojaa majani. Kazi ya nusu siku ya mtu mwenye ngazi na ndoo, ikifanywa kila mwaka, ingeziokoa. Ufa wa nguzo nao usifunikwe kwa plasta bila kuchunguzwa, kwa maana nondo ikipata kutu hutanuka na kuipasua zege, na plasta huficha tu ugonjwa unaoendelea.

Fungu ambalo ningelitetea kuliko yote ni lile dogo la ukaguzi: posho ya mlinzi wa bwawa, usafiri wa fundi sanifu, grisi ya valvu ya kutolea maji bwawani, ambayo inapaswa kufunguliwa na kufungwa mara kwa mara ili isigande, na daftari ambamo kiasi cha maji yanayopenya huandikwa kila wiki pamoja na kina cha maji bwawani siku hiyo. Daftari hilo lifikishwe kwenye kamati ya ujenzi kila robo mwaka, na lisomwe kabla ya maombi mapya ya fedha kujadiliwa.