Sanduku la Maswali: Mhusika Asiyejikumbuka

SWALI: Naandika riwaya ya kisayansi yenye taharuki. Mhusika mkuu anapigwa kichwani, anaamka hajui hata jina lake, kisha anaishi kwa jina la mtu mwingine akidhani ni lake. Rafiki aliyesoma mswada anasema haimwingii akilini. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwenye lile pigo. Anayeumia ubongo kwa kawaida husahau yaliyotokea muda mfupi kabla ya ajali na hushindwa kushika mapya. Jina na utoto hubaki. Henry Molaison wa Marekani aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, pande zote mbili mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa. Hadi anafariki mwaka 2008 alijijua yeye ni nani, ila daktari akitoka chumbani na kurudi alikuwa mgeni tena.

Wako ni kinyume: hajijui, lakini ya jana anayakumbuka. Hali hiyo ipo, ila chanzo chake huwa ni msukosuko wa nafsi. Mwaka 1887 mhubiri Ansel Bourne alitoweka Rhode Island, akafungua duka dogo Pennsylvania kwa jina la A. J. Brown, na baada ya takriban miezi miwili akazinduka akiuliza yuko wapi.

Ukitaka mtu amfute kumbukumbu makusudi, tupa rungu, tumia dawa. Mwaka 2000 majaribio ya panya yalionyesha kuwa kumbukumbu ya woga ikiamshwa hulegea kwa muda, na utengenezaji wa protini ukizuiwa wakati huo katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na woga, hudhoofika. Kwa binadamu hilo bado ni la kubuni, nawe una ruhusa ya kubuni. Ila shika sharti lake: lisiloamshwa halifutiki. Basi wabaya wako lazima wamhoji kwanza, jambo moja moja, sindano ikiwa tayari. Wasilofikiria kuuliza linabaki, na hapo ndipo penye riwaya yako.

Mikono nayo haifutiki kirahisi. Molaison alijifunza kuchora nyota akitazama kiooni, akawa hodari siku hadi siku huku akiapa hajawahi kuijaribu. Mhusika wako atie sahihi ya zamani bila kufikiri. (Tafadhali, asigundue kwamba anajua kupigana, tumeshachoka naye huyo.)

Halafu alama za vidole. Hata pacha wa kufanana, ambao DNA yao ni karibu sawa, hutofautiana vidole. Ama rekodi za alama zilizo ofisini zibadilishwe, na aliyezibadilisha awe mhusika, ama jina liwe la mtu ambaye hajawahi kuchukuliwa alama.

SWALI: Nisimulie kwa nafsi ya kwanza au ya tatu?

JIBU: Ya kwanza, ili msomaji asijue zaidi ya mhusika. Usitumie kisengerenyuma kirefu kinachorudisha yote kwa mkupuo. Mpe harufu, sauti, kipande cha sentensi, na kimoja kati ya hivyo kiwe cha uongo kilichopandikizwa.