Breki za gari la zamani: isikilize pedeli kabla hujanunua spea

Corolla yangu ya miaka ya 90 ilianza hivi, nipo kwenye foleni mguu uko kwenye breki, pedeli inashuka yenyewe taratibu mpaka karibu na sakafu, nikipampu inapanda, nikikandamiza inazama tena. Fundi wa kwanza akasema pedi zimeisha. Jamani, pedi zikiisha utasikia chuma kinasaga, pedeli haizami kwa sababu hiyo. Na gari likifika hapo pa pedeli kuzama lisiendeshwe tena, fundi aje lilipo au livutwe.

Pedeli ikiwa laini laini na ukipampu inapanda, mara nyingi ni upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki. Ikiwa ngumu kama jiwe na gari halisimami, mshuku busta, kile kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye breki: zima injini, pampu mpaka ikaze, mguu uache hapohapo halafu washa, ikishuka kidogo busta ni nzima. Gari likivuta upande mmoja kagua kalipa, ile inayobana pedi, na hozi, mpira unaopitisha mafuta kwenda kwenye gurudumu.

Yangu ilizama na mafuta ya breki hayapungui kwenye kikopo. Tukachungulia upande wa ndani wa kila tairi kama panavuja, nyuma tukavua dramu, tukainua mpira wa silinda ya gurudumu kwa bisibisi, pakavu kabisa. Basi hapo ni masta silinda, pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli, mpira wa ndani umechoka mafuta yanapita pembeni yake badala ya kwenda kwenye magurudumu. Tulipoifungua, ukingo wa mpira umelika na kuta za ndani zina mikwaruzo ya kutu, ukipitisha kucha inanasa. Ikinasa usinunue mipira peke yake, itakatwa tena, chukua masta nzima.

Kutoa upepo anzeni gurudumu la mbali zaidi na masta, na kama masta ni ileile ya zamani weka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike mwisho, maana huko mwisho mpira haukuzoea kufika, kuna kutu, ndiko unakochanika. Mafuta ya breki yawe ya daraja la DOT 3 au DOT 4 kama mfuniko wa kikopo unavyosema, kopo jipya, yananyonya unyevu haya. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 140, sasa shuka mteremko mkali wa mlima Kitonga kule Iringa na mzigo ukiwa umekanyaga breki muda wote uone yanavyochemka. Oili ya injini usiweke kabisa, mipira yote inavimba.

Ukimaliza washa injini, kandamiza pedeli kwa nguvu dakika nzima, isizame hata kidogo, ndio ujaribu uwanjani mwendo wa pole na handbreki ikiwa inashika.